Je, Wajua? Namba Iliyogongwa Juu ya Yai

Je, wajua kwamba yai la supamaketi katika nchi za Umoja wa Ulaya lina kitambulisho chake? Kimegongwa kwenye ganda lenyewe kwa wino usiodhuru, na tangu mwaka 2004 ni lazima kiwepo. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye maneno. Sifuri ni kuku wa kilimo hai. Moja ni kuku anayetoka nje kuchakura. Mbili ni kuku anayeshinda bandani, lakini anatembea chini apendavyo. Tatu ni kuku wa kizimba. Zinafuata herufi mbili za nchi, DE kwa Ujerumani, NL kwa Uholanzi, kisha namba ya shamba. Mnunuzi wa Hamburg akitaka, anaingiza namba hiyo mtandaoni na kuoneshwa yai lake limetagwa wapi.

Kwa nyama na maziwa, sheria ya Umoja huo haimlazimishi muuzaji aeleze mnyama aliishije. Yai ndilo lililopata bahati. Ukishalijua hilo, vituko vingi vya biashara hii vinaanza kueleweka: mhuri ulipofika, mambo yalibadilika, usipofika, yalijificha.

Je, wajua namba 3 ilikuwa na maana gani kwa kuku mwenyewe? Sheria ilimtengea sentimita za mraba 550. Karatasi ya A4, ile ya kuandikia barua ya kuomba kazi, ina karibu 624. Kuku alikula, akalala na kutaga mahali padogo kuliko karatasi hiyo, na bawa lake hakuwahi kulinyoosha. Uswisi ndiyo iliyotangulia kupiga marufuku vizimba vya namna hiyo, mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 1999, ukawapa wafugaji miaka 12 ya kujiandaa. Januari 2012 ilipowadia, nchi 13 zilikuwa bado hazijatekeleza.

Wala vizimba havikwisha. Vinavyoruhusiwa sasa vinampa kuku sentimita za mraba 750, kiota na mti wa kulalia, na yai lake linagongwa 3 ile ile. Raia karibu milioni 1.4 walitia saini ombi la kuondoa vizimba vyote, nayo Tume ya Ulaya ikaahidi mwaka 2021 kwamba italeta mapendekezo ya sheria kabla ya mwaka 2023 kumalizika. Ulimalizika bila mapendekezo.

Je, wajua kwamba kuku aliwahi kuulizwa maoni yake, akawapinga wataalamu? Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alichapisha kitabu, Animal Machines, kilichowaonesha wasomaji jinsi ndama, nguruwe na kuku walivyokuwa wakifugwa kama mitambo. Dibaji iliandikwa na Rachel Carson, yule mwanasayansi wa Marekani aliyekwisha kuutikisa ulimwengu kwa habari za sumu za mashambani. Kelele zilikuwa kubwa hata serikali ya Uingereza ikaunda kamati chini ya Profesa Rogers Brambell, na mwaka 1965 kamati ikatoa ripoti. Ilisema mnyama wa kufugwa apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Leo inasikika kama jambo dogo. Wakati ule lilikuwa dai zito.

Kamati hiyo hiyo iliitazama sakafu ya waya mwembamba, ikaona lazima inaumiza miguu, ikashauri isitumike. Miaka minane baadaye watafiti wawili, Hughes na Black, waliwawekea kuku sakafu za aina mbalimbali wachague wenyewe. Kuku wakaenda kwenye waya mwembamba. Ukichunguza unaona sababu: matundu yake ni madogo, kwa hiyo unyayo unashikiliwa sehemu nyingi zaidi kuliko kwenye waya mnene. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekuwa na miguu ya kuku. Kuanzia hapo taaluma ya ustawi wa wanyama iliacha kukisia ikaanza kupima: mpe mnyama njia mbili, uone anashika ipi, na yuko tayari kuhangaika kiasi gani ili aipate.

Je, wajua kwamba rangi ya kiini hununuliwa? Huku Afrika Mashariki wengi tunalipasua yai, tukiona kiini cha njano iliyokolea tunaridhika kwamba ni la kienyeji, na bei tunaikubali. Lakini rangi hiyo inatokana na kilichomo kwenye chakula. Majani mabichi na mahindi ya njano huikoleza. Kuku aliyelishwa mahindi meupe hutoa kiini kilichopauka, hata awe amezurura kijiji kizima. Viwanda vya chakula cha kuku vinajua hilo, ndiyo maana vinachanganya rangi iliyokamuliwa kwenye maua na pilipili nyekundu. Kampuni ya Roche ilitengeneza hata kipepeo chenye vipande 15 vya rangi, kutoka njano hafifu hadi chungwa, mteja achague namba anayoitaka. Rangi ya ganda nayo haisemi lolote kuhusu malezi. Hiyo ni mbegu ya kuku tu.

Hapo ndipo ninapoionea wivu ile tarakimu ya Wazungu. Vizimba wanavyopigana kuviondoa wao, kwetu vinatangazwa kama ufugaji wa kisasa, keji za ghorofa tatu na nne, na trei ya mayai sokoni haisemi imetoka wapi. Anayeagiza chipsi mayai usiku hana hata ganda la kutazama.

Je, wajua yai la kizimba linajificha wapi? Ndani ya mayonezi. Ndani ya keki, biskuti na tambi. Sheria ya mhuri inahusu yai zima linalouzwa na ganda lake. Likishapasuliwa kiwandani likawa uji au unga, namba inabaki kwenye maganda. Kwa hiyo duka linaweza kujisifu kwamba rafu yake ya mayai haina hata moja la namba 3, na rafu ya pili yake imejaa bidhaa zenye mayai hayo hayo. Uingereza, Marks & Spencer waliacha kuuza mayai ya kizimba mwaka 1997, na miaka mitano baadaye wakayaondoa pia kwenye vyakula vyao vilivyotengenezwa. Hatua ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo isiyopigiwa ngoma.

Ubovu wa pengo hilo ulionekana mwaka 2017. Uholanzi na Ubelgiji mabanda yalikuwa yamepuliziwa dawa ya utitiri iliyochanganywa na fiproni, sumu isiyoruhusiwa kabisa kwa wanyama wa chakula. Serikali ya Uholanzi ilitangaza namba za mashamba husika, na watu wakafungua friji zao kusoma mayai. Aliyekuwa na yai zima alijua hatima yake kwa dakika moja. Aliyekuwa na saladi ya kopo ilimbidi asubiri.

Je, wajua kwamba kati ya baga 27 za nyama ya ng'ombe zilizopimwa Ireland, 23 zilikutwa na vinasaba vya nguruwe? Matokeo hayo yalitangazwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi hiyo tarehe 15 Januari 2013, lakini dunia ilikumbuka farasi tu, kwa sababu baga 10 zilikuwa na vinasaba vyake, na moja iliyouzwa na supamaketi ya Tesco ilikuwa na farasi asilimia 29. Kwa Mwislamu habari kubwa ilikuwa ile ya nguruwe. Mwezi uliofuata ikagundulika lazanya za kampuni ya Findus zilizokuwa farasi mtupu au karibu na hapo. Wachunguzi waliifuata nyama ile kwa kurudi nyuma: kiwanda cha Luxembourg, mfanyabiashara wa Ufaransa, madalali wa Uholanzi na Cyprus, hadi machinjio ya Romania. Huko Romania ilitoka ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni ya farasi. Ilikuwa halali kabisa. Iligeuka ng'ombe njiani, kwenye makaratasi, kwa wino. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliwatia hatiani wahusika.

Somo la maduka makubwa lilikuwa chungu: walikuwa wakimjua anayewauzia, hawakumjua anayemuuzia anayewauzia.

Je, wajua kwamba kifaranga wa kiume wa kuku wa mayai hana kazi popote? Hatagi, na mbegu yake hainenepi vizuri kwa nyama. Ulaya na Marekani desturi imekuwa kumuua siku anapoanguliwa, kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Ujerumani peke yake waliuawa vifaranga wapatao milioni 45 kwa mwaka. Huku kwetu mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa anayetaka kujaribu bahati yake, na umaskini wetu umewaokoa wengi.

Namba ya yai haimtaji kifaranga huyu, kwa kuwa dada yake wa namba 0 na yule wa namba 3 wametoka kwenye mashine za kutotolea zinazofanana. Mwaka 2018 supamaketi za kundi la REWE mjini Berlin zilianza kuuza mayai ya namna mpya: siku ya tisa ya kuatamiwa, miale ya leza hutoboa tundu dogo sana kwenye ganda, tone la majimaji huchukuliwa na kupimwa homoni, na yai la dume huondolewa kabla ya kufika siku 21. Tarehe 1 Januari 2022 Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga. Mara vituo vya kutotolesha vikaanza kufungwa Ujerumani, na kuku wachanga wakaagizwa kutoka nchi jirani ambako kuua kunaruhusiwa. Kilichosaidia kidogo kuziba mwanya huo hakikuwa sheria ila masharti ya maduka, yanayomdai mfugaji wa nchi yoyote kanuni ile ile. Sheria huishia mpakani. Mkataba wa muuzaji hauulizwi pasipoti.

Je, wajua kwamba mwezi Machi 2022 Uingereza haikuwa na yai hata moja lililoruhusiwa kuuzwa kama la kuku anayetoka nje? Homa ya mafua ya ndege ilikuwa imewafungia kuku ndani, na kanuni ilivumilia wiki 16 tu za kujifanya wangali nje. Zilipopita, mayai yale yale ya kuku wale wale yalibandikwa lebo ya bandani.

Je, wajua kuku wa nyama amebadilika kiasi gani? Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilihifadhi mbegu za kuku za mwaka 1957 na 1978 bila kuziboresha. Watafiti walizilea pamoja na mbegu ya mwaka 2005, chakula kile kile, siku 56. Wa 1957 alifikia gramu 905. Wa 1978, gramu 1,808. Wa 2005, gramu 4,202. Mwendo huo huitesa miguu na moyo wa ndege, na hakuna banda kubwa litakalomtibu, kwa kuwa tatizo limo ndani ya yai alimotoka. Uholanzi wanaharakati walimpachika broila huyo jina la kejeli hadi maduka yakaona haya. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 kuku mbichi kwenye supamaketi za huko alikuwa wa mbegu inayokua polepole. Kuku aliyegandishwa na anayesafirishwa nje ya nchi hakuhusika.

Je, wajua kwamba mkulima wa mishiri, yale maharage machanga yanayoliwa na maganda yake, wa Kirinyaga, Kenya, anaweza kukosa soko kwa kukosa choo shambani? Mwaka 1997 maduka makubwa ya Ulaya yaliungana kuandika kanuni zao, ambazo leo zinaitwa GlobalG.A.P. Zinataka choo, maji ya kunawa, stoo ya dawa yenye kufuli, na daftari la kila dawa iliyopuliziwa na siku yake. Ni madai ya haki, na vibarua wamefaidika nayo. Ila gharama ya ukaguzi ni ya mkulima, si ya duka, na wakulima wadogo wengi waliachwa njiani kwa sababu robo ekari haiwezi kulipia makaratasi ya ekari mia.

Je, wajua wanachofanyiwa kamba majike wa kufugwa, wale wa baharini, ili watage haraka? Hukatwa au kubanwa kikonyo cha jicho moja. Ndani ya kikonyo hicho kuna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai kukomaa. Ikiondoka, mayai yanakuja mbio. Mfuko wa kamba waliogandishwa unataja aina, nchi na tarehe, basi. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza iliwatambua kamba, kaa na pweza kuwa viumbe wenye hisia, na baadhi ya supamaketi za huko zimeanza kuwataka wauzaji wao waachane na ukataji huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling wamewapa hoja ya kibiashara: majike wenye macho yote mawili huzaa vizuri wakitunzwa, na watoto wao hustahimili magonjwa ya mabwawani kuliko watoto wa waliokatwa.