KAHAWA IKAE MOTO BILA KUKAA MOTONI

Leo tutazungumza juu ya maarifa ya nyumbani, na swali letu ni hili: kahawa ukiisha kuipika, utafanyaje ikae moto mpaka wageni wafike, au mpaka mwenzako arudi kutoka shambani?

Huenda utasema, "Hilo ni jambo dogo. Iache birika juu ya jiko, basi." La, ndugu yangu, pana hasara tatu hapo. Kwanza, makaa yanateketea bure, nayo hununuliwa kwa fedha. Pili, kahawa yenyewe inaharibika. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, jiko la makaa lililoachwa likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa laweza kuua watu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo sikiliza kwa makini, na kama mko katika kikundi, mmoja wenu ashike kalamu.

KWA NINI KAHAWA HUHARIBIKA JIKONI

Buni zikikaangwa, hupata ile harufu nzuri tunayoijua sote. Harufu hiyo imo katika vitu vyepesi sana, na maji ya moto huvitoa upesi. Ukiendelea kuitokosa kahawa baada ya kuiva, vitu hivyo hupanda pamoja na mvuke vikapotea. Jirani ataisikia harufu, lakini wewe hutaikuta kikombeni. Wakati huo huo maji yanapungua, na tindikali zilizomo zinabadilika, hata kahawa ikawa kali na yenye uchachu. Uchungu wa kahawa iliyopikwa vizuri ni sifa njema, hasa kwa watu wa pwani. Lakini ukali wa kahawa iliyosahauliwa motoni ni jambo jingine.

Hapo utaniuliza, "Na muuza kahawa wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam? Mbona yeye huweka dele lake juu ya makaa?" Swali zuri. Tazama anavyofanya. Makaa yake ni machache, tena mara nyingi yamefunikwa na majivu, kwa hiyo kahawa inapata moto lakini haitokoti. Anauza kikombe baada ya kikombe, wala kahawa haikai siku nzima. Tena yuko nje, barazani au njiani, penye hewa ya kutosha. Sisi nyumbani mara nyingi hatuna mambo hayo matatu.

Basi kanuni yetu ya leo ni hii: kahawa iliyokwisha kuiva haihitaji kuongezewa moto, yahitaji kuzuiliwa joto lake lisitoke.

MILANGO MINNE YA JOTO

Joto siku zote hutoka penye moto kwenda penye baridi, mpaka pande zote mbili zilingane. Kahawa ikiwa na digrii 90 za Selsiasi, na chumba kikiwa na digrii 28, joto la kahawa litatafuta njia ya kutoka. Njia zake ni nne, nasi tutaziita milango.

Mlango wa kwanza ni kugusana. Tia kijiko cha chuma katika kahawa ya moto, na baada ya muda kidogo mkono wako utalisikia joto. Tia mwiko wa mti, nao hukaa muda mrefu pasipo kukuunguza. Chuma, bati na shaba hupitisha joto upesi. Mti, nguo na majani makavu hupitisha polepole. Kwa hiyo birika ya bati ukiiweka juu ya sakafu ya saruji, sakafu hunywa joto kabla wewe hujanywa kahawa.

Mlango wa pili ni hewa inayotembea. Hewa iliyogusa birika hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Hewa ya baridi huja mahali pake, nayo hufanya vivyo hivyo. Penye upepo mambo huenda kasi zaidi. Lakini hewa iliyofungiwa katika nafasi ndogo ndogo, kama ndani ya sufi, pamba au blanketi, haiwezi kutembea. Hewa ya namna hiyo ni mlinzi mzuri sana wa joto.

Mlango wa tatu ni miali. Ukikaa mbali kidogo na moto, uso wako husikia joto ingawa hukuugusa. Birika nayo hutoa miali ya namna hiyo, ijapokuwa macho hayaioni. Kitu king'aacho kama kioo huirudisha miali ilikotoka.

Mlango wa nne ni mvuke, na watu wengi huusahau. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto jingi sana. Hebu tupige hesabu. Chukua nusu lita ya kahawa. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kikitoka humo kwa njia ya mvuke, joto kinalochukua latosha kuipoza kahawa iliyobaki kwa digrii 5 hivi. Kijiko kimoja tu! Ndiyo maana kifuniko, hata kiwe kisahani cha kawaida, ni dawa ya kwanza ya kahawa inayopoa.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

La kwanza, chuja kahawa mara tu inapoiva na mashapo kushuka. Mashapo yakibaki ndani, huendelea kutoa ukali.

La pili, pasha moto chombo kabla ya kutia kahawa. Mimina maji ya moto katika buli au chupa, yaache dakika tano, kisha yamwage. Chombo baridi huiba joto la kahawa mara ile ile unapomimina. Fanya hivyo kwa vikombe pia, kama una wageni.

La tatu, tumia chombo kinachojaa. Kahawa kidogo katika birika kubwa hupoa upesi, kwa sababu upande unaogusa hewa na chuma ni mkubwa kuliko kahawa yenyewe. Ikibaki nusu, ihamishe katika chombo kidogo.

La nne, funika.

La tano, zungushia. Tia birika katika kitambaa kizito, nayo isikae juu ya saruji wala chuma, bali juu ya ubao au mkeka uliokunjwa.

Mtu wa nyanda za juu azidi kuyashika maneno haya. Mombasa, karibu na bahari, maji hutokota kwa digrii 100. Nairobi, palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, maji hutokota kwa digrii 94 hivi. Maana yake mpishi wa Nairobi huanza na joto pungufu, na baridi ya asubuhi ni kali zaidi.

KAPU LA JOTO

Sasa tufanye chombo chetu wenyewe. Tafuta kapu lenye mfuniko, au boksi la mbao. Tandika chini sufi, au majani makavu, au matambara safi, unene wa kiganja cha mkono. Weka birika katikati, kisha jaza pande zote mpaka pasibaki nafasi ya hewa kutembea. Shona mto mdogo wa sufi, uuweke juu ya birika, kisha funga mfuniko. Chombo hiki hakina moto, wala hakihitaji. Hewa iliyofungwa katika sufi inafanya kazi yote. Uangalie tu kwamba vitu vilivyo ndani ni vikavu, maana kitu kilicholowa hupitisha joto; na kaa la moto lisiingie humo kabisa.

CHUPA YA CHAI

Chupa ya chai, ambayo wengine huiita themosi, haikutengenezwa kwanza kwa ajili ya chai wala kahawa. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mwenye elimu, James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi London, alitaka chombo cha kutunzia hewa zilizopozwa sana hata zikawa majimaji. Alihitaji kulizuia joto lisiingie. Akafanya chupa ndani ya chupa, na katikati akatoa hewa. Mwaka 1904 Wajerumani walianza kuiuza kwa jina la Thermos kwa matumizi ya watu wote. Kinachozuia joto kuingia huzuia joto kutoka, chupa haichagui.

Itazame sasa kwa ile milango minne. Kati ya kuta mbili hakuna hewa, kwa hiyo kugusana na hewa inayotembea vimezuiliwa. Kioo chake kimepakwa rangi ya fedha, kwa hiyo miali hurudi. Kizibo huzuia mvuke. Mahali palipobaki dhaifu ni shingoni, ndiyo sababu kizibo kibovu huharibu kazi yote.

Unapotaka kujua kama chupa ni nzima, tia maji yanayotokota, funga, ngoja dakika kumi, kisha pitisha mkono nje. Nje pakiwa na joto, ama hewa imeingia kati ya kuta, ama chupa hiyo haikutolewa hewa tangu mwanzo. Chupa ya kioo usiitie maji yanayotokota ghafula ikiwa baridi. Anza na maji ya vuguvugu. Na ikianguka, usinywe kilichomo mpaka umeichunguza kwamba kioo hakikuvunjika.

Kila siku ioshe kwa maji ya moto, na iache wazi ikauke. Mafuta ya kahawa ya jana hugeuza ladha ya kahawa ya leo.

MAZIWA YAWE MBALI

Kahawa ya maziwa usiitie katika chupa ikakaa kutwa. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya digrii 60 mpaka kiliwe, kwa sababu chini ya hapo, mpaka digrii 5, vijidudu huzaana upesi. Maziwa ya vuguvugu ni shamba zuri la vijidudu hivyo. Weka kahawa tupu katika chupa, na maziwa uyachemshe wakati wa kunywa.

MOTO WA KIASI GANI?

Tumejifunza kulinda joto, lakini midomo na koo nazo zina haki yake. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, kupita digrii 65, huenda huleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Angalia, halikusema kwamba kahawa ndiyo yenye kosa. Lilisema moto uliozidi. Kwa hiyo mimina kikombeni, zungumza kidogo na mgeni wako, kisha mnywe. Kama unalazimika kuifyonza kwa kelele ili isikuunguze ulimi, bado wakati wake.

HATARI YA MAKAA NDANI YA NYUMBA

Sasa narudi kwenye lile nililolisema mwanzo. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ukiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, hata mwili ukakosa hewa ingawa mtu anapumua. Mtu huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Na aliyelala huenda asiamke kamwe.

Wengi hudhani makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama. Sivyo. Na makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu ile ile. Basi usiku wa baridi, au usiku wa matanga watu wanapokesha na kahawa inahitajika mpaka alfajiri, jiko likae nje. Pika nje, chuja, tia katika chupa au kapu la joto, kisha ingiza ndani kahawa, usiingize jiko. Na mkiona watu wawili watatu ndani ya chumba kimoja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, tokeni wote nje upesi, kisha mwende hospitali.

KAZI YA KIKUNDI

Chukueni vikombe vitatu vilivyo sawa, mtie maji ya moto sawasawa. Cha kwanza kiacheni wazi. Cha pili kifunikeni kwa kisahani. Cha tatu kifunikeni, kisha mkizungushie blanketi. Ngojeni nusu saa kwa saa ya ukutani, halafu kila mmoja ajaribu kwa kidole. Kisha mjibizane maswali haya:

1. Tofauti kati ya kikombe cha kwanza na cha pili imeletwa na mlango gani wa joto?
2. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vya bure vinavyofaa kujaza kapu la joto?
3. Kwa juma moja, kila nyumba huchoma makaa kiasi gani kwa kuweka vinywaji moto tu? Fedha hiyo ingefaa kwa kitu gani?
4. Nani katika jirani zenu hulala na jiko ndani, na mtamwambiaje kwa heshima ili akubali?

Swali la nne lisiwe la mazungumzo tu. Mkiisha kulijibu, mmoja wenu ainuke akamwone jirani huyo leo leo, kabla ya usiku kuingia.

Hadi somo lijalo, ndugu msikilizaji, kwa heri.