PIMA PLATINAMU KABLA YA KUNUNUA MPYA

Kutoka Kintinku kwenda Manyoni barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo Land Rover ya zamani huonyesha ugonjwa wake. Inakohoa, inakosa nguvu, halafu inazimika. Kama nyuma kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali, hilo si jambo dogo.

Wengi husema mara moja, "Injini imekufa." Pengine si kweli. Kama gari ni la petroli, la miaka ya 1960 au 1970, anza na platinamu.

Platinamu ni nini?

Ni swichi ndogo. Imo ndani ya distributa, chini ya kifuniko chenye waya nene za plagi. Ina vichwa 2 vya chuma. Vikigusana, umeme wa betri hupita kwenye koili. Vikiachana, umeme huo hukatika ghafla, na koili hutoa umeme mkali unaoruka cheche kwenye plagi. Cheche ndiyo inayowasha petroli.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, swichi hii hufunguka mara 4,000. Basi vichwa huungua na kufanya mashimo. Vumbi na oili huongeza ubaya.

Jinsi ya kupima

Tafuta betri 2 za tochi, balbu yake na waya. Panga betri kama zinavyokaa ndani ya tochi, funga balbu upande mmoja. Ncha moja ya waya itoke kwenye balbu, nyingine kwenye betri. Ncha zikigusana, balbu iwake. Sasa fuata hatua hizi:

1. Zima gari, toa ufunguo. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chomoa waya wa betri ya gari.
2. Fungua kifuniko cha distributa. Chomoa kwenye koili ule waya mwembamba unaotoka kwenye distributa.
3. Gusisha ncha moja kwenye waya huo, nyingine kwenye chuma safi cha distributa.
4. Mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli. Balbu iwake, izime, iwake, izime.

Je, balbu inawaka hafifu, au haiwaki kabisa? Vichwa ni vichafu au vimeungua. Inawaka bila kuzima? Vichwa haviachani, au waya umegusa chuma mahali fulani, au kondensa imeharibika. Kondensa ni kile kikopo kidogo kilichofungwa karibu na platinamu.

Jinsi ya kuitengeneza

Fungua skrubu, toa platinamu. Sugua vichwa kwa tupa laini mpaka viwe sawa na ving'ae. Usitumie msasa, maana mchanga wake hubaki ndani. Futa kwa kitambaa safi chenye petroli kidogo, uache ikauke. Kazi hii ifanyike nje, na asiwepo mtu anayevuta sigara.

Rudisha platinamu. Zungusha injini mpaka vichwa viachane kabisa. Nafasi kati yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Pima kwa vibamba vya fundi, yaani fila. Kaza skrubu, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huweza kuisogeza. Rudisha waya zote. Mwisho, fundi akague taimingi, kwani nafasi ikibadilika na muda wa cheche hubadilika.

Kama mashimo ni makubwa, au springi imelegea, hapo nunua mpya. Kama umesafisha na mashimo yamerudi upesi, kagua kondensa.

Kumbuka: gari la dizeli halina platinamu. Magari mengi ya siku hizi pia hayana.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Siku fundi akikwambia, "Lete hela, platinamu imekwisha," wewe fungua daftari lako usome. Halafu toa balbu yako, mpime pamoja.