Seli Shina za Damu: Tuwaeleze Nini Vijana Wetu wa Vyuo Vikuu?

Nakala ya mhadhara uliotolewa ukumbini baada ya sala ya Tarawehe



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika usiku huu, na tunamwombea rehma na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana: kamati iliniomba nizungumze juu ya sadaka. Juu ya sadaka ya mali mmekwisha kusikia mengi mwezi huu, na wenye kuyasema wana elimu kunishinda. Mimi nimechagua sadaka isiyotoka mfukoni, nayo ni ya seli shina za damu. Nitaieleza kwa mfano wa Nizwa, Ibra na Sur, kwa kuwa huko ndiko nilikokaa nikisomesha, na kwa kuwa wengi humu ukumbini wana mjomba au shangazi katika miji hiyo.

Ndani ya mifupa yetu, hasa ile mikubwa ya nyonga, mna uboho. Humo zimo seli mama, ndizo ziitwazo seli shina, zinazozaa damu yote: chembe nyekundu zibebazo hewa, nyeupe zipiganazo na maradhi, na zile ndogo zinazogandisha damu mtu akijikata. Shina likiharibika, kama katika saratani ya damu, au likiwa na kasoro ya kuzaliwa nayo, kama katika selimundu na thalasemia, tiba ya kuling'oa tatizo ni kuliondoa shina lile na kupandikiza la mtu mwingine. Profesa E. Donnall Thomas wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hii. Oman ilianza upandikizaji mwaka 1994, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos.

Kwa nini Oman hasa? Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi ya damu ya kurithi ulionyesha kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wanabeba sifa ya selimundu, na 2 katika kila 100 wanabeba ile ya thalasemia. Mbebaji huyu haumwi. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kuzaa mtoto mgonjwa. Nako kule, kama kwetu, mtoto wa ami huoa mtoto wa ami, na hapo mahesabu huzidi kuwa mazito.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu walilisikiliza kwa makini kuliko yote. Wataalamu wa Oman walipoichunguza selimundu ya huko, waliikuta na asili tatu. Moja huitwa ya Benin, moja ya Uarabuni na India, na moja ya Kibantu. Hiyo ya tatu ilivuka bahari. Majahazi yaliyoundwa Sur yalikwenda Zanzibar, Lamu na Kilwa kwa msimu mmoja wa pepo na kurudi kwa mwingine, na watu waliooana pande zote mbili waliacha historia hiyo ndani ya damu za wajukuu. Nilipomweleza hayo kijana mmoja wa Ibra ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na nyumbani kwao husemwa Kiswahili, alicheka akasema, "Basi bibi hakuacha kitu nyuma."

Hakuacha kweli, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Seli shina haziangalii kundi la damu tu, la A au O. Huangalia alama za mwilini ziitwazo HLA, ambazo tunarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa robo moja wa kulingana nawe kikamilifu. Mwenye ndugu watatu ana uwezekano wa karibu asilimia 58 kumpata japo mmoja anayelingana naye, na mwenye ndugu sita hufika asilimia 82. Ndiyo maana familia kubwa za Sharqiyah zimebahatika katika jambo hili. Asiye na ndugu anayefaa hutafutiwa mtu baki katika madaftari ya watoaji, ambayo duniani yana watu zaidi ya milioni 40. Lakini alama hizi hufuata ukoo na asili. Kwa takwimu za daftari la Marekani, Mzungu ana uwezekano wa karibu asilimia 79 kumpata mtoaji anayelingana naye, ilhali Mmarekani mweusi ana asilimia 29. Sasa fikirini mtu ambaye babu yake ni wa Ibra, bibi yake ni wa Pemba, na mama yake ni wa Mombasa. Mtoaji wake atatoka wapi kama si miongoni mwa watu kama sisi?

Tunawalenga wanafunzi wa vyuo kwa sababu madaktari hupendelea seli za vijana, na matokeo yake kwa mgonjwa ni bora. Tena miji ile imejaa vyuo: Chuo Kikuu cha Nizwa, Chuo Kikuu cha A'Sharqiyah kilichopo Ibra, na matawi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi katika Ibra, Sur na Nizwa. Anayefahamu akiwa na miaka 19 huwa ndiye msemaji wa nyumba yake siku tatizo likibisha hodi.

Khofu wanazokuja nazo nyingi hutokana na neno uboho. Hudhani sindano itachomwa kwenye uti wa mgongo na wao wapooze. La. Njia inayotumika zaidi siku hizi haigusi mfupa kabisa: mtoaji hupigwa sindano za dawa kwa siku nne au tano ili seli shina zimiminike katika damu, kisha hukaa kitini saa nne hadi sita, damu ikitoka mkono mmoja, ikichujwa na mashine, na kurudi mkono wa pili. Siku zile za sindano mifupa huuma, kichwa huuma, mwili huchoka kama mwenye homa. Tuwaambie hivyo hivyo, bila kupaka asali. Njia ya pili ni kuuvuta uboho kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mgongo wa chini humuuma kwa siku kadhaa. Kwa njia zote mbili, mwili hurejesha kilichotolewa ndani ya wiki chache. Wala uzazi na nguvu za kiume hazihusiki.

Hilo la mwisho nalirudia kwa sababu. Nilimjua kijana aliyelingana na dada yake mwenye thalasemia. Yeye alikuwa radhi tangu siku ya kwanza. Bibi yao, mkazi wa Sur, alikataa kata kata: mjukuu wake wa kiume hatotolewa uboho akakosa kizazi. Hakuna aliyethubutu kumjibu, naye alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake. Miezi ikapita, binti akiongezewa damu. Aliyeufungua mlango alikuwa binamu yao, msichana wa mwaka wa pili, aliyeketi na bibi alasiri nzima kwa kahawa na halua, akamchorea nyonga kwenye karatasi. Daktari hakuwepo wala kipeperushi. Tangu hapo sina imani sana na kampeni za siku moja ambapo vijana hupanga foleni ili wapate cheti cha kujitolea. Afadhali kumi waliofahamu kuliko mia mbili walioona haya kukataa.

Nasema hivi kwa kuwa kughairi kuna wakati wake. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake wote. Mtoaji akijitoa baada ya hapo, mgonjwa hana shina la zamani wala jipya. Mwenye shaka aseme mapema, na hapana wa kumlaumu. Na mgonjwa naye aambiwe ukweli: tiba hii ina khatari zake, seli ngeni zinaweza kuushambulia mwili wake, na wapo wanaofariki.

Kwa upande wa sheria, aya ya 32 ya Suratul Maida mnaijua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1988, iliruhusu kutoa sehemu za mwili zinazojirejesha zenyewe, kama damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na akili timamu na ustahiki kamili, na ikakataza kuuza. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, darasa zima likacheka: "Mwalimu, nikimpa binti seli zangu, damu yake ikawa yangu, nitaweza kumuoa?" Swali lake lilikuwa la maana. Mgonjwa aliyepona huwa na damu ya mtoaji, hata kundi lake huweza kubadilika. Baraza la Fiqhi la Makka liliamua mwaka 1989 kwamba damu haileti umahramu. Umahramu huletwa na maziwa. Ama kufunga, sindano na mashine vipangwe nje ya Ramadhani inapowezekana. Mgonjwa akiwa hana subira hiyo, mtoaji na amuulize sheikh wake.

Nyumbani Tanzania nako mlango umefunguka: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu, wakipokea kwa ndugu zao. Na ndugu anayebeba sifa tu, asiyeumwa, anaweza kuwa mtoaji; wengi hujitoa bure wakidhani hawafai.

Kwa walio hapa Uingereza, daftari la Anthony Nolan hupokea wenye miaka 16 hadi 30, na DKMS hupokea hadi 55. Kujiandikisha ni kupaka kijiti cha pamba ndani ya shavu na kukituma kwa posta. Mfungaji asubiri mpaka afuturu, tusianzishe mzozo mpya juu ya pamba. Sasa naona kina mama wameinua mikono huko nyuma. Tuanze na wao.