Simu inasoma karatasi, lakini haijui parseli

Mama na dada zetu, wengi wenu mnatuuliza kama ile akili mnemba iliyo katika simu za watoto inaweza kutusaidia kununua parseli au nyumba hapa Goma. Kwa kazi fulani, ndiyo. Kwa nyingine itatumalizia pesa.

Karatasi zetu za nyumba zimeandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, na mama wengi wametia kidole juu ya maneno wasiyoyaelewa. Leo unapiga picha ya karatasi ya mauzo (funika kwanza namba za kitambulisho), unaipa programu kama ChatGPT, unaiomba ikueleze kwa Kiswahili chepesi, mstari kwa mstari. Unajua mara moja pesa iliyobaki inalipwa lini, mipaka imetajwa au hapana, na hasa mnunuzi ni nani. Tulipozisoma pamoja hivyo, mwenzetu mmoja alikuta jina la shemeji yake peke yake, ingawa sehemu kubwa ya pesa ilitoka katika likelemba yake. Alirudi kwa muuzaji kabla ya kulipa, karatasi ikaandikwa upya.

Kwa mambo ya sheria, muwe macho. Tuliuliza programu moja kama mwanamke aliyeolewa anaweza kununua parseli. Ikajibu kwamba lazima bwana wake ampe ruhusa. Hayo ni ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987! Tarehe 15 Julai 2016 sheria hiyo ilibadilishwa, ruhusa ya bwana ikaondolewa. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana, kila mmoja na mwenzake. Maandishi ya zamani bado yamejaa kwenye intaneti, na mashine inayachota pamoja na mapya. Ile ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji tu. Karatasi ya shefu wa kata inasaidia, lakini si sertifika.

Na bei? Marekani kuna kampuni Zillow iliyokuwa inanunua nyumba kwa kufuata bei zilizokadiriwa na kompyuta. Novemba 2021 ilitangaza kuacha kazi hiyo, baada ya hasara kubwa. Huko bei za mauzo mengi zinaandikwa wazi. Kwetu zinasemwa mdomoni, kwa dola, mbele ya komisioneri. Mashine ingezijulia wapi?

Kuna pia picha. Akili mnemba inaweza kutengeneza nyumba ambayo haijajengwa popote. Dada mmoja alitumiwa na komisioneri picha za nyumba nzuri ya Keshero. Tulipozikuza, mawe ya ukuta yalikuwa yameyeyukiana kama uji, na dirisha moja halikuwa na fremu upande mmoja. Komisioneri alipoombwa aonyeshe nyumba yenyewe, akaacha kupokea simu. Ndugu zetu walio mbali, wanaotuma pesa bila kufika, ndio walio hatarini zaidi.

Hata picha ya kweli haionyeshi mazuku. Ile gesi nzito inalala katika mabonde madogo upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa. Haina rangi, na inaua. Majirani ndio wanajua mbuzi walikutwa wamekufa wapi asubuhi. Majirani ndio wanakumbuka pia mpaka ulipitia wapi kabla ya lava ya Januari 2002 kufunika alama zote. Na tangu vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wako wenye nyumba waliokimbilia mbali. Anayekuuzia leo anaweza kuwa mlinzi tu. Programu itakutajia ofisi ya kwenda, lakini haijui nani anakaa pale sasa.

Kwa hiyo nendeni kwa miguu: kwa jirani wa kushoto na wa kulia, kwa mkubwa wa nyumba kumi, halafu kwenye ofisi ya ardhi mkaulize namba ya sertifika iko kwa jina la nani. Nendeni wawili, tena mchana. Pesa isitoke kwenye simu siku hiyo.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete kwenye mkutano wetu ujao. Mwenye simu yenye mega za kutosha aje nayo.