Sauti za Wazee wa Ukambani Zahitaji Makao Mawili

Msomaji huenda akaikumbuka tarehe 7 Juni mwaka 2016, siku ambayo tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na kuitia Kenya nzima gizani kwa zaidi ya saa tatu. Wengi walikifanya kisa hicho mzaha. Mimi sikucheka, kwa kuwa siku hiyo kazi yangu ya miaka kadhaa, yaani sauti za wazee niliowarekodi Kitui na Makueni, ilikuwa ndani ya mashine moja, katika chumba kimoja mjini Kitui. Umeme uliporudi, mashine iliwaka salama. Hofu, hata hivyo, haikunitoka.

Basi nikatafuta seva ya pili ya kuhifadhia data, nikaiweka Wote, ng'ambo ya Mto Athi, ili moto, radi au mwizi wa upande mmoja asiudhuru upande wa pili. Kisha nikaziunganisha seva hizo kwa programu iitwayo rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa huko Australia mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba haisafirishi kila kitu upya kila mara. Huyalinganisha mafaili ya pande mbili na kupeleka sehemu zilizobadilika tu, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu anayeilipia intaneti kutoka mfukoni mwake. Kila usiku, saa nane, nikiwa nimelala, Kitui ilizungumza na Wote. Niliona fahari.

Fahari hiyo ilikuwa na kasoro moja. Nilikuwa nimeagiza Wote ifanane na Kitui kwa kila hali, hivi kwamba kilichofutwa Kitui kifutwe na Wote pia.

Kikamba, kama wajuavyo wenyeji, kina irabu saba, na mbili kati ya hizo huandikwa kwa alama ya wimbi juu yake: ĩ na ũ. Ndani ya kompyuta, herufi ĩ yaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: ama kama herufi moja kamili, ama kama i ya kawaida inayofuatwa na alama ya wimbi. Jicho halioni tofauti. Mashine huona majina mawili. Folda zangu zilikuwa na neno Kĩkamba katika majina yake, na nilikuwa nikitumia kompyuta mbili za aina tofauti. Hivyo zikazuka folda mbili za Ikutha zenye jina lile lile kwa kutazama, moja ikiwa na rekodi za zamani na nyingine rekodi mpya. Ijumaa moja mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia, kijana makini kabisa, aliona kwamba folda imejirudia, akaifuta moja. Saa nane usiku Wote ikatii. Jumatatu nilipoketi kufanya kazi, rekodi za zamani za Ikutha hazikuwako Kitui wala Wote.

Miongoni mwazo ilikuwamo sauti ya bibi kizee niliyemwita Susu, kama tuwaitavyo nyanya zetu. Alikuwa amenitajia majina ya njaa kwa mfuatano, kama alivyoyapokea kwa mamake, akianzia Ngomanisye, ile iliyoipiga Ukambani mwishoni mwa karne ya 19. Majina hayo niliyaandika daftarini, na daftari ninalo hadi leo. Lakini Kikamba ni lugha ya toni, na maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni. Kilichobaki daftarini ni mifupa mitupu. Nilikusudia kurudi Ikutha baada ya masika. Susu alifariki kabla mvua haijakwisha.

Simlaumu kijana, maana aliyetoa amri ile ya kufuta ni mimi. Wala balaa la namna hii haliwapati walimu wa lugha peke yao. Desemba mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti zipatazo 77 za kazi za watafiti, mafaili kama milioni 34, kwa sababu programu yenyewe ya kuweka nakala rudufu ilikuwa na hitilafu, ikayafuta yale iliyowekwa iyalinde.

La ajabu ni kwamba somo hili nilikuwa nalifundisha darasani miaka yote bila kulitambua. Tazama sentensi hii: Vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea. Kiambishi kile kimoja cha ngeli kimetajwa mara tano. Mgeni huuliza, mbona ubadhirifu huu? Ni kwa sababu binadamu husemezana penye upepo, penye ngoma na penye honi za matatu. Kikimezwa kiambishi kimoja, msikilizaji hukipata katika neno linalofuata. Lugha ilijiwekea nakala zake kabla ya diski kubuniwa. Ila kikohozi kinachomeza kiambishi cha kwanza hakiwezi kumeza na cha tano. Seva zangu nilikuwa nimezifunga pamoja, kikohozi cha Kitui kikawa kimya cha Wote. Wapo wanaoiita nakala rudufu chelezo, neno la mabaharia lenye maana ya kitu kieleacho majini kama boya, nami nalipenda. Lakini boya lililokazwa kwa kamba fupi huzama pamoja na chombo.

Siku hizi Wote huhifadhi hali ya kila usiku kwa usiku thelathini, kisha hali moja ya kila mwezi kwa mwaka mzima. Diski haijai upesi, kwa kuwa faili lisilobadilika halinakiliwi mara ya pili. Tena, Wote ndiyo inayokwenda Kitui kuchukua. Kitui haina ufunguo wa Wote, hivyo atakayeivamia Kitui hawezi kufuta kilichoko ng'ambo. Mafaili yaliyotoweka yakizidi idadi niliyoiweka, kazi husimama na ujumbe huja kwenye simu yangu. Majina yote yenye ĩ na ũ yameandikwa upya kwa njia moja. Data yote imefungwa kwa siri, maana wazee walinipa sauti zao mimi, hawakumpa mwizi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiwasahau.

Nayasema haya kwa sababu kumbukumbu za Kitui na Makueni, za shule, za redio, za makanisa na za serikali za kaunti, zinazidi kuingia katika mashine, na aghalabu mashine moja ndiyo hutegemewa. Diski mbili ndani ya sanduku moja si makao mawili. Makumbusho ya Taifa ya Brazili yalipoungua tarehe 2 Septemba 2018, rekodi za lugha ambazo wasemaji wake wa mwisho walikuwa wamekwisha kufa ziliteketea humo. Sisi Wakamba tunao mwethya, ule ushirika wa kuchimba matuta shamba hadi shamba. Kwa nini Kitui isiiwekee Makueni nakala, na Makueni ikaiwekea Kitui? Mashine si ghali kama inavyodhaniwa. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi hii imeandikwa katika barua yake ya ajira, mwenye saa za kuifanya, na anayeulizwa.

Nami hujiuliza mwenyewe. Kila mwisho wa muhula huchagua faili moja kwa kura, nikaliita kutoka Wote, nikalisikiliza mwanzo hadi mwisho. Lililonijia mara ya mwisho lilikuwa la mzee wa Kibwezi akihesabu mizinga yake ya nyuki. Alifika mzinga wa kumi na saba, jogoo akawika, akakosea, akaanza upya.