Fahamu: Risasi Chakavu Huuzwaje?
Huko Marekani, ambako wapiga shabaha wengi hujisubia wenyewe vichwa vya risasi za bunduki, thamani ya risasi chakavu, yaani madini yenyewe yanayosubiwa, haitokani na uzito peke yake, bali pia na madini mengine yaliyochanganywa nayo. Kwani risasi safi, iyeyukayo kwa nyuzi 327 za sentigredi, ni laini hata hukwaruzika kwa ukucha, ilhali herufi kuukuu za mitambo ya uchapaji ya Linotype, zenye takriban asilimia 4 ya bati na 12 ya antimoni, ni ngumu na ghali zaidi. Bati ndilo hasa lipandishalo bei. Muuzaji mwaminifu huchambua vipande vya kusawazishia magurudumu, maana vingi siku hizi ni vya zinki, iharibuyo usubu wote, kisha huyeyusha, huengua takataka na kumimina mikuo. Nami naona ni wajibu wake kumhadharisha mnunuzi kwamba vumbi la risasi ni sumu, hususan kwa watoto.