LUKU moja, vyumba sita: kipi kinahesabika?

Leo nazungumza na wewe unayefanyia biashara nyumbani kwenye nyumba ya kupanga.

Mie nauza barafu na juisi ya ukwaju hapa Ngamiani, Tanga. Nyumba yetu ni zile za kwetu: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. LUKU moja. Kila chumba kilichanga 8,000 kwa mwezi, jumla 48,000. Friza langu lipo ukumbini, kwa hiyo nikajiona nalipia chumba kimoja kama wenzangu.

Siku moja bi mkubwa wa chumba cha nyuma akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mie nalala na taa moja. Hiyo barafu namgandishia nani?" Nilikosa jibu.

Basi nikachukua daftari, tukapita nyumba nzima. Nilichojifunza ni kwamba usihesabu milango, hesabu kinachokula umeme na nani anafaidika nacho.

1. CHUMBA CHA KULALA. Andika kila kifaa, wati zake na masaa yake. Zidisha wati kwa masaa, gawa kwa 1,000, unapata uniti. Taa ya wati 9 kwa masaa 5 kila siku haifiki hata uniti moja na nusu kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu inakula nusu uniti.

2. STOO. Haina taa wala soketi? Haihesabiki, hata kama ina mlango na kufuli.

3. UKUMBI, UANI, CHOO. Hizi ni za wote. Taa zetu tatu za wati 9 zinawaka usiku kucha, kama uniti 10 kwa mwezi. Gawanyeni sawasawa.

4. KIFAA CHA BIASHARA. Kinahesabika kwa mwenye biashara, popote kilipo. Friza la ukumbini ni langu, na taa ya barazani inayowaka kwa ajili ya wateja wangu nayo ni yangu. Ukivuta waya dirishani kwenda gengeni, huo nao ni wako.

Friza usilipigie hesabu ya wati mara masaa 24, maana linawaka na kupumzika. Pima kwa LUKU. Tulikubaliana usiku mmoja tuzime vyote, libaki friza peke yake. Masaa 7 lilikula nusu uniti. Mchana kuna joto na naweka maji mapya, kwa hiyo nikaweka uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Uniti tulikuwa tunanunua kama 356 pamoja na kodi. Hapo ni 21,360, na mie nilikuwa natoa 8,000!

Bi mkubwa je? Taa yake pamoja na fungu lake la taa za wote ni kama 1,100. Faida niliyokuwa najisifia, nyingine ilitoka mfukoni mwake. Nimemwomba radhi, na kwa miezi kadhaa sehemu yake nalipa mie.

Sasa kila siku pakiti 7 za kwanza za mia mia najua ni za umeme. Faida naanza kuihesabu baada ya hapo.

Mambo mawili ya kuzingatia:

Kwanza, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba. Itoeni kwanza kwenye hesabu, mkubaliane naye awafidie.

Pili, mita haijui vyumba. Kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi ni 350. Vyumba vyote vya mita hiyo vinajumlishwa pamoja. Bila friza langu, nyumba yetu ilikuwa inazungukia hapo kwenye 75. Yaani biashara yako inaweza kumpandishia bei hata asiyekunywa juisi yako. Ndiyo maana naweka akiba nivute LUKU yangu.

Leo jioni chukua daftari, pita chumba kwa chumba, na uanze na kifaa chako mwenyewe. Biashara njema!